Mhonduras anavuka kwa kitambulisho, Mpemba je?

Mhariri, assalamu alaykum, na salamu kwa wasomaji wote wa Unguja na Pemba na walio bara na ng'ambo. Naomba nafasi nitoe langu kuhusu hili suala la kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki kwa kitambulisho cha taifa, maana kila likitajwa, barazani au kwenye makundi ya simu, utasikia haiwezekani, hatari, ardhi yetu itachukuliwa, nchi zetu bado changa, mambo kama hayo ni ya Wazungu na Ulaya yao. Si kweli. Zipo nchi zina umasikini, zina magenge, zimepigana vita wenyewe kwa wenyewe na bado raia wao wanavuka kwa kadi tu, na mie hizo nchi nimezipita kwa basi na kwa miguu ndo maana nimeona niandike.

Nilikuwa masomoni Costa Rica, na likizo ikifika sie wanafunzi tusokuwa na pesa ya ndege tulikuwa tunapanda mabasi kwenda nchi za jirani, na kwa vile mwenzangu mmoja ni mtu wa Honduras basi njia yetu kubwa ilikuwa kupita Nicaragua mpaka kwao na mara nyengine tunasogea mpaka El Salvador. Kwa asoijua Amerika ya Kati, ni kipande chembamba cha ardhi baina ya Mexico na Colombia, Pasifiki upande huu na Karibi upande ule, na nchi saba zimebanana humo: Guatemala, Belize, El Salvador, Honduras, Nicaragua, Costa Rica na Panama. Ni nchi ndogo, El Salvador yote ina kilomita za mraba kama 21,000 tu, kwa hivo ukipanda basi alfajiri San Salvador, mji mkuu wao, jioni uko Managua, mji mkuu wa Nicaragua, na njiani ushavuka mipaka miwili, yaani huko mpaka si safari ya mara moja kwa mwaka, kuna watu ni maisha yao ya kila siku.

Sasa nchi nne kati ya hizo, Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua, mwaka 2006 zilifunga makubaliano wanayoyaita CA-4, yaani nchi nne za Amerika ya Kati. Raia wa nchi moja kati ya hizo nne akitaka kwenda nyengine anakwenda na kitambulisho chake cha taifa, hana haja ya pasi, hana haja ya viza. Mgeni kama mie wakati ule ukishaingia moja ulikuwa unapewa siku 90 za kuzunguka zote nne, na hapo watalii wengi walikuwa wanakosea, wakidhani wakitoka Guatemala kuingia Honduras siku zinaanza upya, hazikuwa zinaanza, zile 90 zilikuwa za nchi zote nne pamoja mpaka utoke nje kabisa. Ndo maana hapo kati yao mara nyingi hata ulikuwa hugongewi mhuri, ofisa anakuingiza kwenye kompyuta basi.

Niwaeleze mpaka mmoja kwa urefu, unaitwa El Amatillo, baina ya El Salvador na Honduras, mpaka wenyewe ni mto Goascorán na daraja juu yake. Uko chini bondeni karibu na Pasifiki, joto lake kali kweli, unashuka kwenye basi shati limeshaganda mgongoni. Kabla hujaweka mguu chini vijana wameshakuzunguka wanataka wakushikie mizigo wakujazie fomu wakupeleke dirishani kwa malipo, na fomu yenyewe haina kazi yoyote ya kumshinda mtu anaejua kusoma, sie kwetu tunawaita vishoka. Kuna wanaume wamekamata mabunda ya noti na kikokotoo wanabadilisha pesa, kwa sababu El Salvador tangu 2001 wanatumia dola ya Marekani na ukivuka daraja tu pesa ni lempira ya Honduras, na ukiwa huijui bei ya siku hiyo utaliwa, nasihi yangu kwa yoyote atakaekwenda aulize bei kwa abiria wenzake kabla hajashuka, na abadilishe kidogo tu ya kumfikisha mjini. Akina mama wanauza maji ya vifuko na embe mbichi zilokatwa na chumvi, wallahi pale nilijihisi niko Darajani. Na malori, malori, malori, madereva wamefunga bembea za kamba chini ya matela wanalala kungojea karatasi zao za forodha.

Kwenye foleni ya watu ndo nilipojifunza. Mwenzangu katoa kadi yake, ofisa kaiangalia, kamuangalia usoni, kaiingiza kwenye mashine, kamrudishia. Imekwisha. Nyuma yake bibi mmoja na kikapu cha jibini, kadi, kapita. Kijana na mtungi wa gesi begani, kadi, kapita. Kisha nimefika mie na pasi yangu ya Tanzania, hapo mambo yakasimama kidogo, ikatazamwa kurasa zote, akaitwa mkubwa, nikaulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nikakitoa, na bahati njema tangu 2016 cheti hicho ukishachanjwa ni cha maisha, hakina tena mambo ya miaka kumi. Nikalipa ada yangu ya kuingia Honduras, ilikuwa kama dola 3, nikapewa risiti. Mie silalamiki, mie mgeni, wana haki ya kunichunguza. Lakini nilisimama pale pembeni kungojea wengine nikawa natazama wale watu wa kadi wanavopita, na akili yangu yote iko Pemba.

Na jambo lilonigusa zaidi ni kwamba watu wa mpaka huohuo ndio waliopigana. Julai 1969 El Salvador iliivamia Honduras, vita vya saa 100 hivi, dunia ikaviita vita vya mpira kwa sababu timu zao zilikuwa ndo zimetoka kucheza mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 1970, lakini mpira haukuwa sababu, sababu ilikuwa ardhi. Wakulima wa El Salvador kwa maelfu walikuwa wamehamia Honduras kwa kukosa ardhi kwao, Honduras ikapitisha mabadiliko ya ardhi ikaanza kuwafukuza, watu wakarudi kwao wamepoteza kila kitu. Raia wengi wakafa. Mkataba wa amani haukusainiwa mpaka 1980, na mstari wenyewe wa mpaka ukaja kuamuliwa na Mahakama ya Kimataifa kule Hague mwaka 1992. Sasa hesabu mwenyewe, kutoka hukumu ile ya 1992 mpaka 2006 ni miaka 14 tu, na watu ambao baba zao walirushiana mabomu kwa ajili ya ardhi leo wanavuka daraja kwa kadi kwenda kuuza jibini. Kwa hivo yule anaesema sisi na Mkenya hatuwezi kwa sababu ya khofu ya ardhi, mie namuuliza, sisi tumepigana lini na Kenya?

Halafu watu wanachanganya mambo mawili. Kuvuka kwa kitambulisho si ruhusa ya kufanya kazi wala kununua shamba. Mtu wa Nicaragua anaeingia Honduras kwa kadi anaingia kutembea, kusalimia ndugu, kununua vitu, na akitaka kuajiriwa au kuhamia anafata sheria za uhamiaji kama mtu mwengine. Watoto pia si kwamba wanapita ovyo, mtoto hapiti kwa kadi ya mzazi, anatakiwa awe na pasi yake na idhini ya wazazi iloandikwa, kwa sababu wanajua biashara ya kusafirisha watoto ipo. Yaani walifikiria, hawakufungua mlango tu wakalala.

Wala sisemi huko ni peponi. Januari 2021 msafara mkubwa wa Wahonduras waliokuwa wanakimbia hali ngumu kwenda Marekani waliingia Guatemala kwa wingi na walizuiwa kwa marungu na gesi ya machozi, ijapokuwa wote ni watu wa CA-4, maana wakati ule wa korona kila mtu alitakiwa aoneshe kipimo na wengi hawakuwa nacho. El Salvador tangu Machi 2022 wako kwenye hali ya dharura kwa ajili ya magenge. Kwa hivo serikali ikiona hatari inakaza, na haki hiyo hawajaipoteza kwa kukubali vitambulisho. Hoja ya usalama inajibiwa hapohapo.

Sasa twende mpaka wa pili, Peñas Blancas, baina ya Nicaragua na Costa Rica, kwa sababu pale ndo CA-4 inapoishia na tofauti unaiona kwa macho. Upande wa Nicaragua barabara inapita kwenye ukanda wa ardhi baina ya ziwa kubwa la Nicaragua na bahari ya Pasifiki, upana wake kilomita kama 20 tu, upepo haupumziki pale wameweka mitambo ya umeme wa upepo, na ndani ya ziwa unaona volkano ya Concepción juu ya kisiwa cha Ometepe, sehemu nzuri mno. Mgeni anaeingia Nicaragua analipa, tulipopita sie ilikuwa kama dola 12, na juu yake dola moja ya halmashauri ya mji wa mpakani na wanakukatia kikaratasi chake. Mizigo inashushwa yote inapitishwa kwenye mashine. Kutoka Costa Rica nako kuna ada ya kutoka kwa njia ya nchi kavu, wakati wetu ilikuwa dola kama 8 hivi, na wakati wa kuingia Costa Rica wanaweza kukwambia uoneshe tiketi ya kutokea nchini, asiekuwa nayo anakwenda kukata tiketi ya basi palepale mpakani kwa bei wanayotaka wao. Mie nakushauri uwe nayo mapema.

Lakini tuache habari ya wageni. Pale Mnicaragua anatakiwa pasi na viza ya Costa Rica. Na Wanicaragua ndo wanaovuna kahawa ya Costa Rica, ndo wanaokata miwa na mananasi, ndo wanaojenga nyumba na kulea watoto wa watu San José. Uchumi unawaita na mpaka unawakataa. Matokeo yake nini? Mpaka ule una urefu wa zaidi ya kilomita 300, msitu, mto San Juan, mashamba ya machungwa upande wa Los Chiles, na watu wanapita humo. Njia za panya tupu. Wanamlipa mtu awavushe, wengine wanaibiwa njiani, wanawake wanafanyiwa mambo sitoyaandika humu, na wakishafika hawana karatasi kwa hivo wakidhulumiwa mshahara hawana pa kushitaki. Serikali nayo haijui nani kaingia. Niambieni, kati ya El Amatillo mwenye kadi anaeingizwa kwenye kompyuta na Los Chiles mtu anaepita usiku chini ya michungwa, wapi pana usalama zaidi? Mpaka mgumu haumzuii mtu mwenye shida, unamhamisha tu kutoka mbele ya dirisha la ofisa kumpeleka kichakani.

Na kule kusini, baina ya Costa Rica na Panama, kuna mji unaitwa Paso Canoas, huu ni mji mmoja mpaka umepita kati, maduka huku maduka kule, watu wanavuka barabara kununua nguo na viatu, usipokuwa makini utajikuta Panama na hujagongewa mhuri wa kutoka, ofisi unazitafuta mwenyewe, na saa inabadilika, Panama wako mbele saa moja. Upande wa Karibi wana Sixaola, zamani unavuka kwa miguu kwenye daraja la reli la enzi za mashamba ya ndizi, mbao nyengine zimeoza unaona maji chini, mpaka 2021 ndo wakafungua daraja jipya. Ukanda huo wa mpaka wa Panama ndo wanapopita Wangäbe, wenyeji wa asili wa Amerika, kwao ni milima ya pande zote mbili, na kila msimu wa kahawa wanatoka Panama familia nzima kuja kuvuna Costa Rica, mstari ule umewakuta hapo. Watoto wao wengi wamezaliwa mashambani bila cheti upande huu wala upande ule, hawana nchi. Mwaka 2019 Costa Rica ikapitisha sheria ya kuwatambua watu hao wa mpakani na kuwarahisishia uraia.

Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka Wapemba wa Kenya. Wasomaji mnajua, watu wetu waliokwenda kuvua na kukaa pwani ya Kenya, Kwale, Kilifi, Watamu, wengine tangu enzi za babu zao, wamezaa wamezikana huko na hawakuwa na kitambulisho cha Kenya wala cha Tanzania, mvuvi anakwenda baharini kwa kujificha, mtoto anafaulu skuli na hapati mtihani wa mbele kwa kukosa cheti. Mpaka 2023 ndo serikali ya Kenya ikawatambua rasmi kuwa ni kabila moja la Kenya na kuwapa uraia. Tumshukuru Mungu na tuwashukuru waliolipigania. Lakini sasa yule bibi alioko Wete mwenye mwanawe Shimoni au wajukuu Vanga, kulekule pwani ya Kenya, anakwendaje kuwaona kihalali? Kutoka Wete Shimoni ni karibu kuliko Dar es Salaam, kwa mashua yenye pepo nzuri mtu anakwenda na kurudi upesi kuliko yule anaesubiri boti mbili za kwenda Dar. Yeye anatakiwa pasi, shilingi 150,000, au hati ya dharura shilingi 20,000 ambayo ikisha imekwisha, safari nyengine anaanza upya. Bibi wa karafuu na mwani hana pesa hiyo ya kwenda kwenye msiba, na msiba haungoji. Kwa hivo anapanda mashua usiku. Sote tunajua, sisemi geni.

Na Wakenya, Waganda na Wanyarwanda tangu 2014 wao kwa wao wanavuka kwa vitambulisho vya taifa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iloanza kazi Julai 2010 na sisi tumeisaini, kifungu cha 9 kimesema wazi kwamba nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya kielektroniki kuwa hati ya kusafiria zinaruhusiwa. Mlango uko kwenye karatasi zetu wenyewe. Kitambulisho cha taifa cha Tanzania kina alama za vidole na picha, wakati ule tukiambiwa tujiandikishe tulipanga foleni juani na tuliambiwa kitatumika kwa mambo mengi. Na kituo cha Horohoro na Lunga Lunga, kwenye mpaka wa Tanga na Kenya, ni cha pamoja, maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja, kwa hivo vifaa vya kukisoma na kuulizana vipo au si vigumu kuviweka.

Kuna watakaosema Zanzibar ni kisiwa, mpaka wa nchi kavu unatuhusu nini. Unatuhusu kwa sababu Mzanzibari anaekwenda Mombasa kutibiwa macho, kununua vitambaa au kuoa anapita Tanga na Horohoro, na kwa sababu sheria ikikubali kadi Horohoro itakuwa vigumu kuikataa kadi hiyohiyo kwenye bandari ya Wete au Mkoani. Zile nchi nne za CA-4 pamoja na Costa Rica walikuwa nchi moja zamani, walijitangazia uhuru siku moja, 15 Septemba 1821, wakaunda shirikisho 1823 likavunjika kabla haijatimu miaka 20, na mpaka leo hawajarudi kuwa nchi moja wala hawana mpango wa karibu. Sisi Jumuiya yetu ilivunjika 1977 tukaifufua, mkataba wa 1999, na kila mkutano tunazungumzia shirikisho la kisiasa. Wao hawakungoja shirikisho, walianza na kadi ya bibi mwenye jibini.

Tanzania ina wabunge tisa kwenye Bunge la Afrika Mashariki Arusha na wamo wanaotoka Zanzibar. Mie nawaomba hao kwa heshima zote, wakija visiwani waitishe mkutano hata mmoja Wete na mmoja Mkoani, wasikilize watu wenye ndugu Kenya, kisha waulize rasmi Tanzania inangoja nini kujiunga na wale watatu, Kenya, Uganda na Rwanda. Ikiwa serikali inaona kuanza na nchi nzima ni kishindo, ianze na wakaazi wa Pemba na Tanga kwa upande wetu na Kwale kwa upande wa Kenya, siku 14 za matembezi, bila kazi bila ardhi, watoto na barua ya wazazi, ada kama ipo iandikwe ukutani kwa Kiswahili na kila anaelipa apewe risiti, na baada ya mwaka watutolee hesabu ya wangapi wamepita dirishani.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba